DAWA YA UKUNGU IINGIAYO NDANI YA MPUNGA: NGUVU YAKE NA MIPAKA YAKE

Katika uwanda wa Kano, mashariki ya mji wa Kisumu, mpunga ni chakula na tena ni fedha. Skimu ya Ahero ilianza kazi mwaka 1969, ikitumia maji yavutwayo kwa mashine kutoka Mto Nyando. Na ile ya West Kano ilifuata mwaka 1976, ikitumia maji ya Ziwa Victoria. Tangu hapo jamaa nyingi zimejenga nyumba na kusomesha watoto kwa magunia yatokayo katika majaruba hayo.

Lakini mkulima aweza kulima vizuri, kupandikiza kwa wakati na kupalilia mara mbili, kisha siku za mwisho akaona jambo la kuhuzunisha. Masuke yametoka, ila ni meupe. Yamesimama wima badala ya kuinama, na akiyabonyeza kwa vidole haoni punje ndani. Hapo wengi hukimbilia dukani.

"Bwana, nipe dawa ya ukungu, ile iliyo kali kabisa," husema mama mwenye shamba.

"Chukua hii, mama. Hii huingia ndani ya mmea," hujibu mwenye duka.

Dawa hununuliwa, hunyunyizwa, na wiki mbili hupita. Masuke hubaki meupe vile vile, na mama husema ameuziwa maji. Pengine ni kweli. Lakini mara nyingi dawa ilikuwa nzuri, bali ilitiwa baada ya wakati wake, au ugonjwa wenyewe haukuwa ukungu. Kwa hiyo yafaa kila mkulima aelewe dawa hiyo hufanyaje kazi, na kazi yake hukoma wapi.

UKUNGU WA BLASTI

Ugonjwa mkubwa wa ukungu katika mpunga ni ule uitwao blasti. Huletwa na kuvu ndogo mno isiyoonekana kwa macho. Chembe zake, ambazo ni kama mbegu, huchukuliwa na upepo kutoka jani hata jani na kutoka jaruba hata jaruba. Tena hujificha katika mbegu na katika majani makavu yaliyoachwa shambani baada ya mavuno.

Chembe ikitua juu ya jani lenye umande, huchipua na kujishikiza, kisha hulitoboa jani kwa nguvu na kuingia ndani. Baada ya siku chache huonekana doa lililochongoka pande mbili, mfano wa jicho, lenye rangi ya kijivu katikati na kahawia pembeni. Ugonjwa ukishika shingo ya suke, chakula hakipiti tena kwenda kwenye punje, na suke hukauka likiwa tupu.

Mambo matatu huusaidia ukungu huu. La kwanza ni umande na manyunyu yanayodumu juu ya majani kwa saa nyingi. La pili ni mbolea ya nitrojeni, kama vile urea, ikitiwa kwa wingi mara moja. Mpunga hunawiri na kuwa kijani kibichi, lakini majani yake huwa laini, na ukungu huyapenda. La tatu ni jaruba kukaukiwa maji, maana mpunga wenye kiu hauna nguvu za kujikinga. Aina za mpunga nazo hutofautiana. Pishori, upendwao sana kwa harufu yake nzuri, hushikwa na blasti upesi.

DAWA ZA NAMNA MBILI

Dawa za ukungu ni za namna mbili. Namna ya kwanza hukaa juu ya jani kama koti la mvua. Ukungu ukitua juu yake hufa kabla ya kuingia. Lakini mvua kubwa huiosha, na jani linalochipuka baada ya kunyunyiza huwa halina koti.

Namna ya pili ndiyo iingiayo ndani. Jani huinywa, nayo husafiri katika mishipa ya mmea pamoja na maji. Kwa sababu hiyo mvua inyeshayo baada ya dawa kukauka haiwezi kuiondoa yote, na hata sehemu ambayo haikupata tone huweza kulindwa. Ila mkulima akumbuke kwamba dawa nyingi za namna hii hupanda tu kutoka chini kwenda juu, kwa kufuata njia ya maji. Mtu anyunyizaye ncha za majani peke yake asitazamie kwamba dawa itashuka kwenye shina.

Tena dawa hizi hazifanyi kazi kwa njia moja. Iko iitwayo traisaiklazoli, iliyotengenezwa kwa ajili ya blasti katika miaka ya 1970. Hiyo huunyima ukungu ile nguvu ya kulitoboa jani. Ni wazi, basi, kwamba haina msaada mkubwa ikiwa ukungu umekwisha kuingia. Ziko nyingine ziwezazo kuuzuia ukungu ulioingia siku chache tu zilizopita. Lakini hakuna hata moja iwezayo kujaza punje katika suke lililokwisha kukauka.

WAKATI WA KUNYUNYIZA

Kwa hiyo siku ya kunyunyiza si siku ile masuke yanapoonekana meupe. Mkulima hana budi kulizunguka shamba lake kila wiki na kutazama majani. Akiona madoa yenye mfano wa jicho yanaongezeka, na hali ya hewa ni ya umande na manyunyu, ndipo achukue hatua. Na kama anataka kuilinda shingo ya suke, wakati bora ni mpunga unapobeba mimba, na tena masuke yanapoanza kuchomoza. Asubuhi umande ukisha kukauka, au jioni upepo ukiwa umetulia, ndizo saa zifaazo.

Kipimo ni kile kilichoandikwa kwenye chupa. Akizidisha, hupoteza fedha na kudhuru watu. Akipunguza ili dawa ienee shamba zima, hauui ukungu bali huuzoeza.

UGONJWA USIOPONYWA NA DAWA HII

Uko ugonjwa mwingine ambao wakulima wa pande hizi wameujua kwa muda mrefu. Mwaka 1966, mahali paitwapo Otonglo, karibu na Kisumu kwenye ukingo wa ziwa, ndipo ulipotambuliwa kwa mara ya kwanza ugonjwa wa mpunga kugeuka manjano, ambao baadaye ulionekana katika nchi nyingi za Afrika. Majani huwa na michirizi ya manjano na kijani, mpunga hudumaa, na machipukizi huwa machache.

Ugonjwa huu hauletwi na ukungu bali na virusi, na huenezwa na wadudu walao majani, na pia kwa mikono na vyombo vilivyogusa mimea migonjwa. Dawa ya ukungu, hata ikiwa ya bei kubwa namna gani, haiuponyi kabisa. Kinga yake ni kung'oa mimea iliyoshikwa na kuifukia, kufyeka magugu kwenye matuta, kuweka kitalu mahali safi, na kupanda aina zinazostahimili. Basi kabla ya kutoa fedha, mkulima achukue mche mgonjwa na kumwonyesha Bwana Shamba, au aulize katika kituo cha utafiti cha Kibos.

SOMO LILILOTOKANA NA KAHAWA

Huenda mtu akasema, "Kama dawa iingiayo ndani ni bora hivi, mbona tusiitumie hiyo tu kila mara?" Jibu linapatikana katika historia ya kahawa ya Kenya. Ugonjwa wa kuozesha buni, ujulikanao kwa jina la chulebuni, uligunduliwa katika magharibi ya nchi mwaka 1922. Kwa miaka mingi wakulima walinyunyiza dawa ya shaba, ambayo hukaa juu ya buni. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 zilikuja dawa ziingiazo ndani, kama benomili, na wakulima wakazifurahia. Lakini haikupita miaka mingi ukungu ukazoea, na dawa zile zikapoteza nguvu mashambani. Msaada wa kudumu ulikuja kwa njia ya mbegu: mwaka 1985 ilitolewa kahawa ya Ruiru 11, inayostahimili ugonjwa huo.

Sababu yake ni rahisi kufahamu. Dawa ikaayo juu hushambulia ukungu mahali pengi mwilini mwake kwa wakati mmoja. Dawa nyingi ziingiazo ndani hushambulia mahali pamoja tu. Ni kama nyumba yenye komeo moja: mwizi akisha kujua kulifungua, milango yote ya kijiji huwa yake. Kwa hiyo mkulima asitumie dawa ya kundi moja mfululizo. Abadilishe makundi, na asidhani kwamba kubadili jina la chupa ni kubadili dawa. Asome jina la kiini kilichomo.

KULINDA WATU NA ZIWA

Sheria ya Kenya ya mwaka 1982 inataka kila dawa ya mimea isajiliwe. Mnunuzi atazame nambari ya usajili ya PCPB kwenye kibandiko, tarehe ya mwisho wa matumizi, jina la zao lililoruhusiwa, na siku za kungoja kabla ya kuvuna. Siku hizo zisipotimizwa, dawa hubaki katika mchele utakaoliwa na watoto wa nyumbani na kuuzwa sokoni Kibuye.

Anyunyizaye avae glavu, viatu vya mpira, nguo ndefu na kitambaa cha kufunika pua na mdomo. Asile wala kuvuta sigara kazini. Pampu isioshwe katika mfereji, kwa maana maji ya mifereji ya Kano hurudi mtoni na kuingia katika Ghuba la Winam, waliko ngege na omena. Chupa tupu itobolewe, isitiwe maji ya kunywa wala mafuta ya taa.

Dawa iingiayo ndani ni msaada mkubwa kwa mkulima anayejua ugonjwa alio nao na kuitumia mapema. Lakini haichukui mahali pa mbegu safi, mbolea iliyogawanywa kwa vipindi, maji yasiyokauka jarubani, na jicho la mwenye shamba. Yule mama akianza na hayo, huenda msimu ujao asilazimike kukimbilia dukani.