MALI BILA DAFTARI: Karatasi za Rwenzururu na Kazi ya Kuzitunza

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Askari anaijua methali hiyo kuliko raia wengi, hata kama hajapata kuitamka. Anapoingia zamu jambo la kwanza ni kupokea kitabu cha matukio, na anapotoka jambo la mwisho ni kukikabidhi. Risasi huhesabiwa na kuandikwa, mahabusu huandikwa, na bunduki haitoki ghalani pasipo sahihi. Kwa hiyo leo, wasomaji wetu wa kambini na vituoni, twapenda kuzungumza nanyi juu ya kazi iliyo ndugu wa kazi yenu, ingawa waifanyao hawavai magwanda. Nayo ni kazi ya mtunza nyaraka, hasa yule ashughulikiaye karatasi za siasa.

Mfano wetu tutauchukua Kasese na Bwera, magharibi ya Uganda. Msafiri atokaye Kasese kwenda Bwera huiacha barabara kuu pale Kikorongo, karibu na mstari wa Ikweta, akashika njia ya magharibi. Milima ya Rwenzori humfuata upande wa kulia hata afike Mpondwe, ambako mto Lhubiriha watenga Uganda na Kongo. Watu wa pande mbili hizo ni wa asili moja; upande wa Uganda huitwa Wakonzo, na ng'ambo huitwa Wanande. Wengi kati yenu mmepata kulinda mpaka huo, na mnajua jinsi habari zinavyovuka mto kwa haraka kuliko watu.

Yafaa kwanza tukumbushane historia kwa ufupi. Kwa Mkataba wa mwaka 1900 Waingereza waliutambua Ufalme wa Toro, na Wakonzo na Waamba wakawekwa chini yake. Kuanzia mwaka 1919 watu wa milimani waliasi, na mwaka 1921 viongozi wao watatu, Nyamutswa, Tibamwenda na Kapolya, walinyongwa. Manung'uniko hayakuzikwa pamoja nao. Shuleni watoto wa Kikonzo walifundishwa kwa Kitoro, na vyeo vingi vilishikwa na wageni wa mlima.

Katika miaka ya 1950 mwalimu mmoja, Isaya Mukirane, aliunda chama cha kuchunguza historia ya maisha ya Wakonzo. Hapa twaomba msomaji atulie kidogo. Harakati ambazo baadaye ziliitoa jasho serikali baada ya serikali hazikuanza kwa mkuki wala kwa bunduki. Zilianza kwa daftari na kalamu, watu wakiwauliza wazee habari za koo, mila na mipaka. Mwaka 1962 Mukirane, pamoja na Yeremia Kawamara na Petero Mupalya, walitoka katika baraza la Toro wakidai wilaya yao wenyewe. Wafuasi wao wanaihesabu tarehe 30 Juni 1962 kuwa siku ya kutangazwa kwa Rwenzururu, miezi michache kabla ya Uganda kupata uhuru tarehe 9 Oktoba. Serikali iliunda tume chini ya Dakta Ssembeguya kuchunguza machafuko hayo, na taarifa yake ni miongoni mwa maandishi ya lazima kwa kila anayetaka kuyaelewa.

Mukirane alifariki mwaka 1966, na mwanawe Charles Wesley Mumbere akarithi angali kijana mdogo. Mwaka 1974 utawala wa Idi Amin uliyatenga maeneo ya Wakonzo na Waamba na Toro kwa kuunda wilaya mpya. Mwezi Agosti 1982 Mumbere na watu wake waliteremka mlimani wakaweka silaha chini kwa mapatano na serikali ya Obote. Hatimaye, mwaka 2009, serikali ya Rais Museveni iliutambua Ufalme wa Rwenzururu kuwa taasisi ya kimila.

Katika miaka hiyo ishirini ya mlimani, Rwenzururu ilijiendesha kama serikali, kwa mawaziri, machifu, mahakama na kodi. Penye kodi pana stakabadhi, na penye mahakama pana hukumu iliyoandikwa. Lakini serikali inayosakwa haina ofisi ya kudumu. Karatasi zake hukaa mahali palipo na mtu wa kuaminika: ndani ya sanduku la bati, chini ya kitanda, au juu ya dari penye moshi wa jikoni. Upande wa pili, serikali ya Uganda nayo iliandika. Kwa kuwa Kasese na Bwera zilikuwa sehemu ya Toro hadi mwaka 1974, majalada ya kale yahusuyo Bwera hayapo Bwera. Yalikuwa Fort Portal, makao makuu ya wilaya. Majalada hayo ya wilaya yalipangwa na kupigwa picha katika Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Michigan cha Marekani. Karatasi za serikali kuu zilikaa miaka mingi chini ya jengo la serikali huko Entebbe, kabla ya kupelekwa katika jengo jipya la hifadhi ya taifa huko Wandegeya, Kampala.

Je, mtunza nyaraka hufanya nini sanduku kama hilo linapomfikia? Kwanza, hachanganyi. Karatasi za mzee mmoja hazitiwi pamoja na za mwingine, hata kama zinazungumzia jambo lile lile. Pili, hapangui mpango aliouacha mwenyewe, maana barua iliyowekwa baada ya nyingine huwa ni jibu lake, na ukizitenganisha umeua mazungumzo. Askari mpelelezi ataelewa mara moja, kwani kielelezo kilichoondolewa mahali pake kimepoteza nusu ya ushahidi wake.

Baada ya hapo huja kazi ya mikono. Vumbi huondolewa kwa brashi laini. Pini zilizoshika kutu hutolewa taratibu, kwa sababu kutu hula karatasi. Iliyochanika haibandikwi utepe wa gundi, maana gundi hiyo baadaye hugeuka rangi na kuiharibu zaidi. Namba huandikwa kwa penseli, kamwe si kwa wino. Kisha kila jalada huelezwa katika orodha: nani aliliandika, kati ya mwaka gani na mwaka gani, kwa lugha gani, na lina kurasa ngapi. Katika nchi hii ya milima mtunzaji hana budi ajue kusoma Kikonzo, Kitoro na Kiingereza, na asipojua atafute ajuaye. Baadaye karatasi hupigwa picha, ili maji yakija isipotee nakala ya pekee. Watu wa Kasese hawahitaji kuelezwa juu ya maji. Mto Nyamwamba ulifurika mwaka 2013, ukafurika tena mwaka 2020, na kuharibu hata hospitali ya Kilembe.

Lakini ugumu wa kazi hii hauko kwenye vumbi. Ugumu uko kwenye majina. Fikirini stakabadhi moja ya kodi ya mlimani ya miaka ya 1960. Kwa polisi wa siku zile ilikuwa ushahidi wa uasi. Kwa mjukuu wa aliyelipa ni ushahidi kwamba babu yake alisimama na watu wake. Kwa mwanahistoria ni alama ya kuonyesha utawala ule ulifika hadi kijiji gani. Fikirini tena barua ya mtoa habari aliyeipelekea serikali majina ya majirani. Mtoa habari huyo ameshakufa, lakini wanawe wanalima bega kwa bega na wana wa wale aliowataja. Karatasi hiyo ikisomwa sokoni Mpondwe siku ya soko, panga laweza kutoka alani.

Basi aichome? La, hasha. Achomaye barua hiyo leo atachoma na ile ya upande wa pili kesho. Mtunzaji huiweka, huiandika katika orodha, na huifunga kwa muda, akieleza wazi ni kwa sababu gani na mpaka lini. Uganda ina Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2001, inayoongoza mambo hayo kwa karatasi za serikali. Kwa karatasi za watu binafsi, mapatano na familia ndiyo ngome yake. Kwa hiyo mtunzaji ni mlinzi kama ninyi. Tofauti ni kwamba yeye humlinda hata adui wa aliyemwajiri.

Hatuwezi kumaliza bila kugusa jeraha lililo karibu. Mwezi Novemba 2016, mapambano kati ya majeshi ya usalama na walinzi wa ufalme yaliishia kwa kuvamiwa kwa ikulu ya Mumbere mjini Kasese. Watu zaidi ya mia moja walikufa katika siku zile, wakiwamo askari polisi. Mumbere alishtakiwa, na mashtaka yakaondolewa mwaka 2023. Hata leo kila upande una simulizi lake. Mjane wa askari polisi anataka kujua mumewe alikufaje. Mama wa kijana wa mlimani anataka kujua hilo hilo juu ya mwanawe. Wote wawili haki yao imo katika maandishi: kitabu cha zamu, orodha ya hospitali, amri iliyoandikwa, barua iliyotangulia. Karatasi hizo zikipotea kitabaki kisasi peke yake, nacho hakina daftari.

Kwa hiyo tunawaomba askari wetu mambo machache. Mnapopekua nyumba, karatasi mzichukuazo ziandikwe moja moja, zitiwe sahihi, na zisitumike kuwashia moto wala kufungia karanga. Zikimaliza kazi mahakamani, zirudishwe kwa mwenyewe au zipelekwe panapostahili. Vitabu vya zamani vya vituo vyenu msiviuze kwa kilo. Vipelekwe hifadhini kwa utaratibu wa sheria. Na aandikaye taarifa leo aandike kweli, hata pale kweli inapomkera mkubwa wake, maana atakayeisoma baada ya miaka hamsini hatakuwa na mtu mwingine wa kumwuliza.

Wazee waliobeba masanduku yale mlimani wanakwisha mmoja mmoja, na mchwa hawana likizo. Kila karatasi iliyookolewa Bwera ni neno moja zaidi la kusemwa kabla mtu hajashika silaha. Nasi twaamini kwamba askari mwema angependa maneno yawe mengi, na risasi zibaki ghalani, zimehesabiwa na kuandikwa.