Picha na Sauti katika Slaidi: Mfano wa Somo la Methali Ikonge

Methali isemayo "Ukienda tezi na omo, marejeo ni ngamani" hufundishwa hata mahali ambapo bahari haijulikani ila kwa jina. Ikonge, katika Kaunti ya Nyamira, ni mahali pamoja pa namna hiyo: nchi ya milima, ya chai na migomba, mbali mno na pwani. Mwanafunzi wa huko aweza kuandika katika mtihani kwamba kila atokaye hatimaye hurejea kwao, asijue tezi ni wapi wala ngama ni nini. Amepewa fumbo lililokwisha kufumbuliwa. Akikutana na methali nyingine ya vyombo vya baharini, hana pa kuanzia.

Mwaka 2016 serikali ya Kenya ilianza kuzigawia shule za msingi za umma vishikwambi, kompyuta za walimu na projekta. Chombo kikisha kupatikana, hubaki suala la matumizi yake. Kanuni ya kwanza ni kwamba picha ionyeshe jambo ambalo neno peke yake haliwezi kulionyesha. Machweo ya jua nyuma ya minazi ni pambo. Hayafundishi methali hii. Kinachofaa ni mchoro wa jahazi lililokatwa ubavu, wenye mishale mitatu na maneno matatu: omo mbele, tezi nyuma, ngama chini ndani ya chombo. Mwalimu na awaachie wanafunzi wafuate kwa macho safari ya mtu kutoka tezi hadi omo, kisha waeleze wenyewe kwa nini marejeo yake ni ngamani. Maana na ifuate picha, isiitangulie.

Kanuni ya pili yahusu maandishi. Richard Mayer, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 2001 kwamba maneno yakiandamana na picha hufundisha zaidi ya maneno matupu, lakini mambo ya ziada hudhuru. Aya nzima ikiandikwa kando ya mchoro, na mwalimu akaisoma kwa sauti, macho ya mwanafunzi hugawanyika baina ya jahazi na maandishi. Yafaa maelezo yasemwe, na slaidi ibaki na majina tu.

Sauti nayo ina mahali pake. Kigusii, katika maneno yake ya asili, hakitofautishi "l" na "r". Hivyo, kwa somo la matamshi, "kula" na "kura" zaweza kusikizwa huku slaidi ikionyesha sahani ya chakula na sanduku la kura bila herufi yoyote. Hapo mwanafunzi huchagua picha kwa sikio lake, si kwa kusoma.

Zaidi ya hayo, maneno ya mchoro yajaribiwe kutoka dawati la nyuma kabisa, madirisha yakiwa wazi. Na sauti zihifadhiwe katika kompyuta yenyewe, zisitegemee intaneti. Umeme ukikatika, mchoro wenye mistari michache na majina matatu waweza kuhamishiwa ubaoni kwa chaki mara moja. Machweo na minazi hayahamishiki, wala somo halipungukiwi na kitu kwa kuyakosa.