Uvimbe wa moyo usio kansa



Mama mmoja wa kwaya yetu alikuwa akizimia kila alipoinama shambani kwenye mpunga. Majirani walisema amerogwa. Mimi nilifunga siku tatu nikikemea pepo, wala sikumwuliza hata mara moja kama amefika hospitalini. Jambo hilo bado linanisumbua.

Kuzimia hivyo kunaweza kutoka moyoni. Mara chache sana, ndani ya moyo huota uvimbe laini uitwao miksoma. Si kansa. Kwa watu wazima wengi wenye uvimbe huo, unakaa katika chumba cha juu cha kushoto, umening'inia kwa kikonyo kama embe kwenye tawi. Mgonjwa akibadili mkao, unaweza kuziba mlango wa damu. Ndipo anakosa pumzi au anaanguka. Kipande kikikatika, damu hukipeleka kwenye ubongo, na mtu aliyelala mzima anaamka amepooza upande mmoja. Wengine hupata homa isiyokwisha na kukonda, tena wanapewa dawa za malaria bure. Kwa hiyo neno "si kansa" lisitulaze usingizi: usipoondolewa, unaweza kuua ghafula.

Munganga akisikiliza kifua tu anaweza kudhani ni ugonjwa wa vali, maana sauti zinafanana. Kinachoonyesha wazi ni ekografi ya moyo. Haiumizi, haichomi sindano. Ni jamaa ya ile wanayofanyiwa mama wajawazito.

Hakuna kidonge wala mzizi wa kuuyeyusha. Hupasuliwa: moyo unasimamishwa, mashine inasukuma damu, uvimbe unakatwa pamoja na shina lake. Crafoord alifaulu wa kwanza, Stockholm, mwaka 1954. Leo upasuaji wa moyo unafanyika hata karibu nasi: hospitali ya misheni ya Tenwek huko Kenya, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, na Taasisi ya Moyo ya Uganda, Kampala. Wengi hupona kabisa, ila ekografi hurudiwa baadaye, kwa sababu kwa wachache uvimbe hurudi.

Kwa watoto ni habari nyingine: uvimbe wao wa kawaida, rabdomioma, mara nyingi hupungua wenyewe. Lakini mtoto huyo achunguzwe pia kifafa.

Najua barabara ya kutoka Kasongo hata Bukavu, na najua mifuko yetu. Lakini parokia inayochanga kwa ajili ya matanga inaweza kuchanga kwa ajili ya ekografi. Wachungaji wenzangu, mtu akizimia mbele yenu, ombeni naye, kisha mwandikieni barua ya kwenda hospitalini siku ile ile.