Mizinga ya Sultani Yafika Kashgar

Tarehe 5 Julai, 2009 fujo kubwa zilizuka katika mji wa Urumqi, magharibi ya mbali ya China, baina ya Waiguri, Waislamu ambao lugha yao ni jamaa ya Kituruki, na Wahan, walio wengi katika China nzima. Chanzo cha karibu kilikuwa ugomvi wa mwezi Juni katika kiwanda kimoja cha Guangdong, ambamo Waiguri wawili waliuawa. Serikali ya China ilitangaza kuwa watu 197 walikufa Urumqi. Waiguri walioko nchi za nje waliikataa hesabu hiyo. Kutoka Uturuki, Waziri Mkuu Recep Tayyip Erdogan alitoa maneno makali sana. Uturuki inahusianaje na mji ulio mbali namna hiyo?

Mwaka 1865 Yakub Beg, askari kutoka Khokand, wala si mwenyeji wa huko, aliingia Kashgar wakati Waislamu walipokuwa wamewaasi Wamanchu waliotawala China, na baada ya miaka michache akawa mtawala wa nchi. Warusi walikuwa wakimsogelea, Waingereza walikuwa kusini katika Bara Hindi. Basi akamtuma mjumbe Istanbul kwa Sultani Abdulaziz. Mwaka 1873 Sultani alikubali kumpa mizinga, bunduki na maofisa wa kufundisha jeshi. Shehena hiyo ilipita Mfereji wa Suez, uliofunguliwa mwaka 1869, ikateremshwa Bombay, kisha ikapandishwa milimani. Askari aliyewahi kusukuma mzinga katika matope ya tambarare ataielewa kazi hiyo! Huko Kashgar, sarafu zikapigwa kwa jina la Sultani, na hutuba ya Ijumaa ikamtaja yeye.

Silaha hizo hazikumfaa sana. Jenerali Zuo Zongtang alikuja polepole, huku askari wake wakilima nafaka njiani na fedha zikikopwa katika mabenki ya kigeni. Yakub Beg alifariki Korla mwezi Mei, 1877. Wanawe wakagombania utawala, mmoja akamwua mwenziwe. Mwaka haujaisha, Kashgar ikatekwa. Mwaka 1884 nchi hiyo ilifanywa jimbo la Xinjiang, yaani mpaka mpya.

Njia ya Istanbul haikusahauliwa. Isa Yusuf Alptekin, kiongozi wa Waiguri aliyeikimbia nchi yake mwaka 1949, alihamia Uturuki, na huko Istanbul ndiko alikozikwa mwaka 1995.