UVAE NINI UNAPOFANYA MAZOEZI WAKATI WA JOTO?



Hapa Dzaleka, miezi ya Septemba hadi Novemba, kabla ya mvua kuanza, huwa na joto kali. Ukicheza mpira au kukimbia katika kipindi hiki, nguo ulizovaa zinaweza kukulinda au kukudhuru.

Mwili hujipoza kwa jasho. Jasho linapokauka juu ya ngozi, huondoka na joto. Nguo inayozuia jasho kukauka huzuia pia joto kutoka. Kwa hiyo usivae jaketi zito wala plastiki ili utoke jasho jingi na kupunguza unene. Kinachopungua hapo ni maji, siyo mafuta, na mwili unaweza kuchemka hadi ukazimia.

Zingatia yafuatayo:

- Vaa nguo nyepesi, pana na za rangi isiyokolea. Fulana ya mtumba inatosha.
- Vaa kofia yenye ukingo mpana. Mwenye ualbino avae pia nguo za mikono mirefu na za kufunika miguu.
- Fanya mazoezi asubuhi mapema au jioni. Kunywa maji kabla, wakati wa mazoezi na baadaye.

DALILI ZA HATARI: Mwenzako akianza kuzungumza ovyo, kupepesuka au kuzimia, mpelekeni kivulini. Mvueni nguo za juu, mmwagieni maji na mpepeeni. Aliyezimia asinyweshwe kitu chochote. Mpelekeni kituo cha afya mara moja huku mkiendelea kumpoza. Hali hii inaweza kuua.