Wageni wa Matopeni

Ilipotangazwa kanisani kwamba ushirika wa akina mama utakwenda Mida kutazama ndege, kicheko kilisikika hadi viti vya nyuma. Mzee mmoja aliuliza kama kuku wa nyumbani hawatoshi. Nami nakiri kwamba nilisitasita, maana nauli ni fedha na kila mama ana shimo lake la kuziba. Hata hivyo, Jumamosi moja ya mwezi wa pili tulikuwa akina mama 11 kando ya barabara alfajiri, tukiwa na kapu la mahamri na mbaazi, chupa mbili za chai na darubini tatu za kuazima.

Hori ya Mida iko karibu na Watamu, si mbali na magofu ya Gede, pwani ya Kenya. Ni mkono wa bahari ulioingia nchi kavu na kuzungukwa na mikoko. Maji yakikupwa hubaki uwanja mpana wa matope, ambao kwa macho ya wengi wetu ni uvundo tu. Lakini matope hayo yamejaa kaa na minyoo, na ndege huijua meza hiyo kutoka nchi za mbali mno.

Kijana aliyetuongoza alitutaka tuwahi maji yakianza kujaa. Yakiwa yamekupwa kabisa, ndege hutawanyika mbali hata darubini isiwafikie. Yakipanda, huwasukuma polepole kuja karibu na mtu aliyekaa kimya. Kukaa kimya akina mama 11! Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ngumu kuliko zote.

Wa kwanza kusogea walikuwa vitwitwi wadogo wa kijivu, wenye mdomo uliopinda kidogo kuelekea chini. Mmoja uzito wake ni kama wa yai la kuku. Hutaga huko Siberia, kaskazini kabisa mwa Urusi, katika majira mafupi ya joto. Dume huondoka mapema, akamwacha jike kulalia mayai na kulea peke yake. "Baba huyo namjua," alinong'ona mmoja wetu, na ukimya ukavunjika. Lakini kijana aliendelea: mama naye huondoka kabla ya watoto. Vifaranga hao, wenye umri wa wiki chache tu, hufuata baadaye, na kila mwaka hufika Afrika bila mzazi wa kuwaonyesha njia. Hapo hakucheka mtu. Nilimkumbuka nabii Yeremia, ambaye katika sura ya 8 alikwisha kuwataja ndege wanaojua majira yao.

Kuanzia mwezi wa tatu vitwitwi hawa hula kwa pupa ili wanenepe kwa safari, na manyoya yao hugeuka rangi ya matofali. Huko njiani hutegemea matope kama haya kwa kupumzika na kula. Mahali pengi matope yamefukiwa kwa majengo, na mwaka 2024 ndege huyu aliingizwa katika orodha ya walio hatarini. Mikoko ikikatwa ovyo, si samaki wetu tu wanaopungua.

Shirika la Kikristo la A Rocha, lililoanza Ureno mwaka 1983, lina kituo chake Watamu. Hapo Mida walijenga daraja la mbao linaloning'inia kati ya mikoko, na ada waliyotoza wageni ikasaidia kulipa karo za sekondari za watoto wa vijiji vya jirani. Mzee wa kuku angalisikia hilo, labda angalichanga nauli.

(Mtakaokwenda, vaeni viatu vya kufunga. Magamba ya chaza hukata miguu vibaya.)

Kisha wakaja ndege wakubwa, weupe kwa weusi, wenye miguu mirefu na mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Hao hutaga katika mashimo wanayochimba mchangani, kwenye visiwa na pwani za Bahari ya Shamu, Ghuba na Oman. Yai huwa moja, na joto la mchanga husaidia kuliatamia. Tofauti na vitwitwi, kifaranga huyu husafiri na wazazi wake, na hata akifika Afrika bado huomba chakula. Tulimwona mmoja wa kijivu akimfuata mkubwa wake huku akilialia, hadi akapewa kaa.

Katika kundi letu mlikuwa na mama ambaye binti yake anafanya kazi za nyumbani Muscat. Wakala aliyempeleka aliahidi mshahara mmoja, binti akaukuta mwingine. Mama huyo alikuwa ameshika darubini, na zamu yake ilipokwisha hakuna aliyemdai.

"Hawa hutoka Oman?" aliuliza.

"Baadhi yao, ndiyo."

"Na hurudi lini?"

"Mwezi wa nne hivi."

Mkataba wa binti yake unakwisha mwezi wa tano. Tuliomba pamoja naye papo hapo, tumesimama, maji yakitufikia vifundoni. Baadaye, tukingoja matatu, alipiga simu. Alimweleza binti yake habari za ndege wale wenye miguu mirefu, akamwuliza kama amewaona huko ufukweni.

Binti alijibu kwamba hajafika ufukweni hata siku moja.