Usiiuze Kahawa Ingali Maua

Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Maneno hayo ni machache, lakini yamebeba habari ya nyumba nyingi, za mijini na za mashambani. Siku fedha ya mkopo inapoingia, watu hucheka na kununua. Siku ya kulipa inapowadia, mlango hubishwa, baba hujificha chumbani, na mtoto hutumwa kusema kwamba mwenyewe hayupo. Hivyo mtoto hufundishwa uongo kwa ajili ya deni asilolijua, na wazazi hupungukiwa heshima mbele ya mtoto wao wenyewe.

Ndugu msomaji, makala haya hayakukusudiwa kumlaumu mtu kwa kukopa. Mfanyakazi hukopa kwa sababu ya ugonjwa, msiba, kodi ya nyumba, au mshahara uliokwisha kabla ya mwezi. Tunalotaka kutazama ni namna nyumba iliyokwisha kuingia katika deni inavyoweza kutoka, na namna wenye nyumba wanavyoweza kudumu katika njia hiyo ndefu pasipo kukata tamaa. Kwa ajili ya funzo hilo twende Mbinga, mkoani Ruvuma, kisha tuteremke hadi mwambao wa Ziwa Nyasa. Kwani watu wa huko hupata fedha kwa msimu, nao wanaijua vema hasara ya kuila fedha ambayo bado haijafika.

MAGOMA YA MBINGA

Mbinga ni nchi ya milima na kahawa. Wamatengo wameilima kahawa ya arabika tangu miaka ya 1920, na kwa familia nyingi zao hilo ndilo fedha ya mwaka mzima. Mavuno huanza yapata mwezi wa Juni na kuendelea hadi Septemba au Oktoba. Katika miezi hiyo paa hubadilishwa, mahari hulipwa, na maduka hujaa watu. Lakini ifikapo Januari mambo hugeuka. Akiba ya chakula imepungua, mbolea inahitajika, na watoto wanarudi shuleni. Ni kweli kwamba ada katika shule za Serikali, tangu darasa la kwanza hadi kidato cha nne, ilikuwa imekwisha kuondolewa kufikia mwaka 2016, na ile ya kidato cha tano na cha sita mwaka 2022. Hata hivyo sare, madaftari na viatu vingali juu ya mzazi.

Hapo ndipo hutokea mwenye fedha. Humpa mkulima shilingi kidogo leo, kwa mapatano kwamba kahawa iliyoko mtini itakuwa yake itakapoiva, kwa bei waliyoafikiana wakati wa shida. Biashara hiyo huko Mbinga huitwa magoma. Na kule Kagera iko nyingine inayofanana nayo, iitwayo butura. Tuchukue mfano. Tuseme mkulima amepokea shilingi 200,000 mwezi wa Februari kwa ahadi ya kilo 100, yaani shilingi 2,000 kwa kilo. Mwezi wa Agosti kilo moja ikiuzwa shilingi 5,000, mzigo huo una thamani ya shilingi 500,000. Amekopa laki mbili, amelipa laki tano, na muda uliopita ni miezi sita tu.

Kwa nini mtu mwenye akili timamu akubali mapatano ya namna hiyo? Sababu ni kukosa mahali pengine pa kukimbilia. Zamani chama kikuu cha ushirika cha wilaya, MBICU, kiliwapa wakulima mbolea na dawa kwa mkopo, na kukata fedha yake wakati wa mauzo. Biashara ya kahawa ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi katika miaka ya 1990, chama hicho kilianguka, na mikopo hiyo ikaanguka pamoja nacho. Serikali imeyakataza magoma, na mwaka 2018 iliagiza kahawa iuzwe kupitia vyama vya ushirika vya msingi. Lakini amri peke yake haiwezi kuijaza sufuria ya mwezi wa Februari.

MAGOMA YA MJINI

Ndugu msomaji wa mjini, usiseme kwamba hayo ni mambo ya wakulima. Mfanyakazi anayemwachia mkopeshaji kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri, ili mshahara utakapoingia mkopeshaji awe wa kwanza kuuchukua, naye ameiuza kahawa yake ingali maua. Mikopo ya namna hiyo watu wameipa jina linaloistahili: kausha damu.

Hebu tupige hesabu. Mtu amekopa shilingi 200,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Riba peke yake ni shilingi 40,000. Akiweza kulipa hizo 40,000 tu kila mwezi, baada ya miezi mitano atakuwa ametoa shilingi 200,000, na deni lake lingali shilingi 200,000 kama siku ya kwanza. Sasa tuseme mtu huyo amekopa fedha ile ile kwa asilimia 3.5 kwa mwezi, ambayo ndiyo riba ya juu iliyowekwa na Benki Kuu kwa wakopeshaji wadogo wenye leseni, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na kwamba riba hiyo hutozwa juu ya deni lililobaki. Akilipa shilingi 40,000 zile zile kila mwezi, mwezi wa sita atabakiwa na kiasi kisichofika 24,000, na akikilipa amekwisha. Jasho ni lile lile, lakini mmoja amefika na mwingine hajaondoka alipo.

Kwa hiyo jambo la kwanza kwa mwenye madeni mengi ni kujua kila deni linatoza nini. Lile linalokausha damu lilipwe mbele ya mengine yote, hata kama kwa kufanya hivyo itabidi kukopa kutoka chama cha akiba na mikopo cha kazini au VICOBA ya mtaani, ambako riba ni ndogo na wakopeshaji ni watu mnaojuana.

DENI LILETWE SENGU

Wamatengo walikuwa na desturi iliyoitwa sengu. Watu wa ukoo mmoja, baba na wanawe na wajukuu, walikusanyika kwa mzee wao, wakala pamoja chakula kilicholetwa kutoka nyumba mbalimbali, na baada ya kula wakazungumza. Huko kazi za shamba zilipangwa, vijana walifunzwa, magomvi yalisuluhishwa, na aliyepungukiwa alijulikana mapema. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, waliofanya utafiti Mbinga tangu miaka ya 1990 pamoja na wenzao wa Japani, waliona kwamba desturi hiyo ilikuwa nguzo ya maisha ya Wamatengo.

Nyumba ya mjini haina mzee wa ukoo wala uwanja wa kukutania, lakini yaweza kuwa na sengu yake. Siku moja katika mwezi, baada ya chakula cha jioni, mume na mke waketi na daftari. Kila deni liandikwe: la nani, kiasi gani, riba gani, lini. Liandikwe hata deni la dukani la sukari na sabuni. Hata lile ambalo mmoja alimficha mwenzake. Hapana shaka usiku wa kwanza utakuwa mchungu. Lakini deni lililofichwa huzaa deni jingine la kulificha, na wawili wasiojua wanadaiwa kiasi gani hawawezi kulipa kwa pamoja. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na deni bila daftari huongezeka bila habari vile vile.

Watoto wakubwa nao waambiwe kwa kadiri ya umri wao. Mtoto aliyeelezwa kwa upole kwamba mwaka huu nyumba inalipa deni, na kwa hiyo viatu vya zamani vitashonwa, hujiona ni mwenye nyumba. Asiyeelezwa hudhani kwamba ananyimwa.

FEDHA IKAE KATIKA NGORO

Anayepita Mbinga huiona milima imejaa mashimo yaliyopangwa kwa ustadi kama sega la nyuki. Hayo ndiyo mashamba ya ngoro. Mkulima hufyeka majani na kuyalaza katika mistari inayokatana miraba, kisha huchimba udongo wa katikati na kuyafunika. Hivyo matuta hupatikana, na kati yake shimo. Maharage hupandwa juu ya matuta, na msimu mwingine mahindi. Mvua inyeshapo, maji yaliyotaka kuporomoka na kuuchukua udongo hukaa katika shimo na kuzama taratibu. Kwa maarifa hayo Wamatengo wamelima miteremko mikali kwa zaidi ya miaka mia moja.

Mshahara nao ni mvua kubwa inayonyesha siku moja juu ya mteremko. Usipokuwa na mashimo ya kuuzuia, siku ya kumi umekwisha teremka bondeni. Kwa hiyo siku ile ile ya mshahara, kabla ya kupita dukani, ugawanywe: shimo la kodi, shimo la chakula, shimo la nauli, shimo la deni. Bahasha nne za karatasi zatosha.

Liwepo na shimo la tano, dogo, la dharura. Wengi hudhani kwamba mwenye deni hapaswi kuweka akiba. Sivyo. Nyumba isiyo na shilingi elfu chache kando, mtoto akipatwa na homa usiku, hurudi kwa mkopeshaji yule yule iliyemkimbia. Akiba hiyo ndogo ndiyo inayoulinda ulipaji wote.

MEZA YA GHARAMA NDOGO

Shimo linalovuja zaidi katika nyumba nyingi ni la chakula. Maharage na mahindi hushuka bei wakati wa mavuno na kupanda ghala zinapopungua. Familia mbili au tatu zikichangiana kununua gunia wakati wa mavuno, na kulihifadhi katika mifuko isiyopitisha hewa ili wadudu wasiingie, hujiepusha na bei ya Februari. Aidha, tujifunze kwa watu wa mwambao, wa Lituhi, Liuli na Mbamba Bay, katika Wilaya ya Nyasa iliyogawanywa kutoka Mbinga mwaka 2012. Usipa wao, samaki wadogo wanaoanikwa juani, hupikwa kwa nyanya na kitunguu na kuliwa kwa ugali wa muhogo. Kitoweo hicho hujenga mwili, hudumu bila jokofu, na kiasi kidogo hutosha watu wengi. Anayeona haya kumpikia mgeni dagaa au usipa kwa sababu ana deni la kuku wa mwezi uliopita, na afikiri tena.

USIKU WA MBALAMWEZI

Wavuvi wa usipa hutegemea giza. Huwasha taa juu ya maji, na samaki huifuata. Mbalamwezi ikiwa kali, samaki hawavutwi na taa, na mavuno hupungua. Mvuvi hatupi mtumbwi kwa sababu hiyo. Hushona nyavu, huziba nyufa, na kungoja giza lirudi.

Mwenye kulipa deni naye atapata miezi ya mbalamwezi. Msiba utatokea, mshahara utachelewa, na bahasha ya deni itabaki tupu. Wengi hushindwa hapo, wakisema kwamba mpango umevunjika, basi na tule. Mwezi wa namna hiyo nenda kwa anayekudai kabla hajaja kwako, umweleze na umpe ulichonacho, japo kidogo. Kisha ushone nyavu: utazame daftari, urekebishe bahasha, na ungoje mwezi ujao.

Ili moyo usichoke, maendeleo yaonekane kwa macho. Chora miraba ukutani, kila mmoja uwe shilingi 10,000 za deni, na mtoto apewe kazi ya kupaka rangi mraba mmoja kila unapolipwa. Madeni yenye riba kali yakiisha, na yaliyobaki yakawa hayatofautiani sana kwa riba, anza na dogo kuliko yote. Kulifuta jina moja kabisa katika daftari hutia nguvu ya kulikabili la pili. Na siku deni moja linapofutwa, nyumba ifurahi kwa kitu kidogo kilicholipiwa taslimu: wali wa nazi, au matembezi ya Jumapili. Kubana matumizi bila furaha yoyote hakudumu miezi mitatu.

Jambo la mwisho, ndugu msomaji, ni hili. Deni linapokwisha, bahasha yake isitupwe. Endelea kuweka ndani yake kiasi kile kile ulichokuwa ukimpa mkopeshaji. Baada ya miezi michache utakuwa na fedha ya sare za Januari kabla ya Januari, na nyumba yako haitalazimika kuuza tena jasho ambalo bado halijatoka. Mlango utakapobishwa, mtoto ataufungua mwenyewe, na atasema kweli: baba yupo, mama yupo, karibu ndani.